Vipokelewe kwa mikono miwili: shajara ya kupunguza vitu nyumbani

Siku ya 1, Jumamosi

Nimeanza saa mbili asubuhi, na nimeanzia jikoni kwa makusudi. Kinachonisukuma hasa ni chumba cha nyuma, kilichofungwa tangu mama alipofariki miaka miwili iliyopita. Binti yetu mkubwa amefika umri wa kutaka mlango wake mwenyewe, na chumba kipo, ila kimejaa. Lakini najijua. Nikikifungua kwanza nitakaa sakafuni na albamu ya picha hadi jua lizame. Jikoni hakuna kinachomliza mtu.

Kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari nimeandika lengo: ndani ya wiki saba kitanda cha binti yangu kiwe kwenye chumba cha nyuma, na kila kinachofaa kimfikie mtu atakayekitumia. Sehemu hii ya pili mume wangu ameisoma mara mbili, kisha akauliza kama hatuwezi tu kuita gari libebe kila kitu. Tunaweza. Sitaki. Mama alikuwa mtu wa kutunza vitu, na siwezi kukubali vitu vyake viishie jalalani kwa sababu tu mimi nimechoka kuviona.

Mafungu manne: kinabaki, kinatolewa, kinatengenezwa, kinatupwa. Makopo ya plastiki yametoka 41 na mifuniko 23. Yaliyooana ni 17. Sufuria 3 zimepata mpini uliolegea, nimezikaza kwa bisibisi palepale. Bakuli, vikombe na sahani za ziada zimejaza boksi moja na nusu. Saa 4 kwa jumla, na kaunta inaonekana.

Siku ya 2, Jumapili

Bafuni, dakika 40. Dawa zimejaza mfuko mzima: vidonge vilivyobaki baada ya mtu kupona, dawa za kikohozi za watoto, na kopo la vidonge vya presha vya mama lililobaki zaidi ya nusu. Mume wangu amesema hivi vya presha ni ghali, tumpe mtu. Nimekataa, na sababu nimeiandika hapa ili tusibishane tena. Mwongozo wa misaada ya dawa ambao Shirika la Afya Duniani lilitoa na mashirika mengine mwaka 1996 hauruhusu dawa iliyokwisha kumfikia mgonjwa kisha ikarudishwa itolewe kuwa msaada. Hakuna awezaye kuthibitisha ilikaa kwenye joto gani, wala kama kilichomo ndani ya kopo ndicho kilichoandikwa nje. Kile ambacho hospitali haiwezi kukipokea, jirani naye nisimpe. Mfuko umekwenda kwenye duka la dawa linalozipokea kwa ajili ya kuziharibu.

Siku ya 5, Jumatano

Nguo. Nimetoa kila kitu kabatini na kukimwaga kitandani, changu, cha mume wangu, cha watoto. Mlima umefika kifuani.

Jambo moja nimeliona kwa macho yangu leo. Nguo ikiwa kwenye mlima haina maana kwangu; nikiishika tu, thamani inapanda mkononi. Kuna gauni la bluu ambalo sijalivaa tangu mtoto wa pili azaliwe, na bado nimelikunja mara tatu kulirudisha. Mwaka 1990 watafiti Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha matokeo ya jaribio lao: waliwapa baadhi ya wanafunzi vikombe vya kawaida, kisha wakauliza waliopewa wangeviuza kwa bei gani na wasiopewa wangenunua kwa bei gani. Waliopewa walitaka karibu mara mbili ya bei ambayo wenzao walikuwa tayari kutoa, na vikombe vilikuwa vimekaa mikononi mwao kitambo kifupi tu. Gauni langu limekaa miaka tisa.

Kwa hiyo nimebadilisha swali. Badala ya kujiuliza kama naipenda, najiuliza: ningeikuta leo dukani, ningetoa hela kuinunua? Gauni la bluu limeondoka kwa swali hilo. Koti la mume wangu halijaondoka, na sikulazimisha. Kila mtu anaamua vyake.

Maboksi 7 ya nguo. Ukichanganya na vyombo na vitu vya kuchezea nilivyovifunga jana, ni 9.

Siku ya 8, Jumamosi

Leo nimejifunza kwa aibu, nami nataka kuandika yote kabla sijaanza kuyapunguza kichwani.

Tulipakia maboksi 9 garini tukaenda kwenye kituo cha watoto ambacho huwa tunapita mbele yake kila siku. Sikupiga simu kwanza. Nilidhani mtu anayeleta msaada hahitaji kubisha hodi.

Mlezi mkuu ni mama mtu mzima, sauti yake ya upole. Baada ya shikamoo na marahaba akatukaribisha barazani, akaomba ruhusa afungue maboksi mbele yetu. Akatoa suruali ya mwanangu, akaigeuza nje ndani, akapitisha kidole kwenye mshono wa katikati, kisha akavuta zipu. Ikafika nusu, ikaachana. Akaikunja vizuri, akaiweka upande wa kushoto. Akatoa nyingine. Kola imechakaa hadi uzi unaonekana, kushoto. Akafungua boksi la mafumbo ya picha, akamwaga vipande mezani, akaviangalia, akaniuliza: "Vyote vipo?" Sikujua. Kushoto.

Nilikuwa nimesimama, nikakaa.

"Mwanangu," akaniambia, "usinielewe vibaya. Hivi nikivipokea, kesho ni mimi wa kutafuta gari la kwenda kuvitupa. Na mtoto nikimvalisha suruali isiyofunga, darasani watamcheka. Wewe wako ungemvalisha?"

Boksi la nguo za watoto wachanga hakulifungua hata kidogo. Harufu ya vidonge vya kufukuzia nondo ilimfikia kabla ya mkono. Akaeleza kwamba kwao nguo yenye nafthalini, dawa iliyomo kwenye vidonge hivyo, haimgusi mtoto mchanga. Nimerudi nyumbani nikasoma, na ni kweli tupu: watu wanaokadiriwa kufika milioni 400 duniani wamezaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, kinachozilinda chembe nyekundu za damu, na kwa mtoto mchanga mwenye upungufu huo mvuke wa nafthalini unaweza kuzipasua chembe hizo hadi akapata manjano kali ya ngozi na macho. Nguo zile nilizihifadhi kwa upendo, na vidonge nilivitia mimi mwenyewe, kiganja kizima.

Amepokea maboksi 4. Tumerudi na 5. Njiani hatukuongea sana.

Jioni nimekumbuka habari ambayo zamani niliisoma nikaipita tu. Baada ya mauaji ya shuleni Newtown, Connecticut, Desemba 2012, watu wenye huruma walituma vidubu vya kuchezea zaidi ya 60,000 kwenye mji wenye wakazi wasiofika 30,000. Mji uliokuwa msibani ukalazimika kutafuta ghala na watu wa kujitolea wa kupanga midoli. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, nguo nzito za baridi zilifika kwenye pwani za joto, zikarundikana. Waliotuma hawakuwa na nia mbaya, kama mimi nisivyokuwa nayo leo asubuhi. Kilichokosekana ni swali moja la kumuuliza anayepokea: unahitaji nini?

Siku ya 9, Jumapili

Maboksi 5 yako ukumbini. Nimewaambia wote nyumbani yasiguswe hadi nipige simu.

Siku ya 10, Jumatatu

Nimepiga simu sehemu sita wakati wa mapumziko ya kazini na jioni. Mali bila daftari hupotea bila habari, kwa hiyo kila jibu limeandikwa.

Kituo cha watoto, kwa mlezi yuleyule, ambaye amepokea simu yangu kama vile juzi yake hatukurudishwa: viatu vya wavulana wakubwa, mabegi ya shule yenye zipu nzima, mashuka ya rangi moja, na chupi mpya zilizo kwenye pakiti. Chupi, akarudia, kwa sababu hakuna anayekumbuka kuzileta. Nyumba inayowahifadhi wanawake waliokimbia ukatili wanataka mabegi makubwa ya safari, maana wengi wanafika na vitu vyao kwenye mfuko wa plastiki. Wanataka pia sufuria na sahani kwa ajili ya anayehama kwenda kuanza maisha. Blanketi watazichukua zikiwa zimefuliwa kwa maji ya moto. Maktaba wanapokea vitabu, ila si vya kiada vya zamani. Kituo cha kuokoa mbwa na paka wamefurahi kupita wote: taulo kuukuu, mashuka yaliyochanika, chochote kinachonyonya maji. Duka la hisani linataka kilicho safi na kinachoweza kuuzika, na limeniomba nisilete Jumamosi jioni kwa sababu hawana pa kuweka.

Wa sita, chama cha wanawake wanaofundisha ushonaji, ameuliza tu: "Una cherehani?" Nikasema ninayo, sijui kama inafanya kazi, ni ya mama. Akanyamaza kidogo, akasema, "Ukiwa tayari, dada. Hatuna haraka."

Siku ya 13, Alhamisi

Maboksi 5 yaliyorudi yamefunguliwa upya. Kila nguo sasa naikagua kwa mikono ya yule mlezi wa kituo: nageuza nje ndani, napitisha kidole kwenye mishono, navuta zipu, nakagua kwapa na kola kwenye mwanga wa dirishani, nanusa. Inachukua dakika moja kwa nguo, na dakika hiyo ilikuwa ni yangu kuitoa tangu mwanzo.

Zipu 6 kati ya 8 zimepona. Kile kichuma kinachopanda na kushuka kikitanuka, hakibani tena meno. Ukikiminya taratibu kwa koleo ndogo, upande wa kushoto kisha wa kulia, kinashika. Ukiminya kwa nguvu kinakatika, ndiyo maana si 8 kati ya 8. Vifungo 22 nimevirudishia usiku, redio ikiwa imewashwa, na binti yangu amenisaidia kutunga uzi.

Nafikiri juu ya Edgar Helms, mchungaji wa Boston, Marekani, ambaye mwaka 1902 alianzisha kazi iliyokuja kuitwa Goodwill, shirika lenye maduka ya vitu vilivyotumika. Alikusanya vitu vilivyotumika kwenye nyumba za wenye uwezo, lakini hakuvigawa vilivyo. Aliwaajiri watu wasio na kazi wavitengeneze kwanza, ndipo viuzwe, na mauzo yakawalipa. Kutengeneza kulikuwa ndiyo kazi yenyewe. Mimi nilikuwa nimeiruka hatua hiyo nikamwachia mlezi wa watoto 40.

Nguo za nafthalini zinapigwa upepo kwenye kamba siku ya tatu sasa. Zikiisha harufu kabisa zitakwenda kwa watoto waliokwisha kutembea, na nitasema zilihifadhiwa na nini. Kwa wachanga hazitakwenda.

Kutoka kwenye maboksi 5: matatu yamekuwa mazuri, moja ni la mbwa na paka, moja halifai kitu.

Siku ya 15, Jumamosi

Droo ya umeme. Simu 4, chaja 19, redio ndogo 1, kompyuta mpakato moja isiyowaka, na nyaya ambazo hakuna anayejua ni za nini.

Simu moja imevimba mgongo hadi kioo kimenyanyuka. Betri ya lithiamu ikivimba ina gesi ndani, na ikitobolewa au ikichajiwa inaweza kuwaka. Sikuibonyeza wala kuijaribu. Nimeiweka kwenye ndoo ya chuma yenye mchanga, nje, mbali na watoto, na Jumatatu itakwenda kwenye sehemu inayokusanya taka za umeme pamoja na nyaya zile. Ripoti ya kimataifa ya mwaka 2024 kuhusu taka hizi ilionyesha kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62, na zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo hazikufika robo. Droo yetu imekuwa sehemu ya zile ambazo hazijulikani zilipo.

Simu 2 zinafanya kazi vizuri. Hizi zinatolewa, lakini kwa utaratibu: picha zihamishwe, kisha akaunti iondolewe kwenye simu yenyewe, ndipo irudishwe kama ilivyotoka kiwandani. Mpangilio huu una maana. Ukifuta kila kitu bila kuondoa akaunti, simu nyingi zitamdai mmiliki mpya nywila ya mwenye akaunti, na utakuwa umempa mtu kipande cha kioo. Kompyuta isiyowaka tumeitoa diski yake. Faili ulizozifuta kwa kawaida zinaweza kufufuliwa, na kwenye diski ile kuna vyeti vyetu vyote.

Siku ya 19, Jumatano

Hakuna nilichofanya. Nimelala saa mbili usiku.

Siku ya 22, Jumamosi

Kitanda cha mtoto na kiti cha garini vimetolewa juu ya kabati. Kiti hiki nilikuwa nimempangia kabisa mfanyakazi mwenzangu anayejifungua mwezi ujao. Nimekigeuza, chini kuna kibandiko chenye tarehe ya mwisho wa matumizi, na imepita miaka mitatu. Plastiki inachoka kwa joto na jua, mikanda inalegea, na kiti kilichowahi kuwa kwenye ajali hakitumiki tena hata kikionekana kizima. Nimekata mikanda yote kwa mkasi kabla ya kukitoa nje, ili asitokee mtu akakiokota kwa nia njema na kumfunga mwanawe humo. Kofia ya baiskeli ambayo mwanangu alianguka akiwa ameivaa imepata hukumu hiyohiyo.

Kitanda kiko salama. Fito zake nimezipima: pengo halizidi sentimita 6, ambacho ndicho kipimo cha kuzuia mwili wa mtoto usipenye na kichwa kikakwama. Skrubu zote zipo, nimezifunga kwenye mfuko na kuubandika kwenye ubao kwa gundi ya karatasi, na maelezo ya kuunganisha nimeyaandika kwa mkono. Mwenzangu amekipokea. Amelia kidogo, nami pia.

Jioni pakatokea jambo baya. Mwanangu, ambaye ana miaka 8, amelitafuta lori lake la mbao. Lilikwenda na maboksi 4 ya kwanza. Nililiona limekaa uvunguni kwa miezi, nikaamua halihitajiki. Hakupiga kelele. Ameniuliza tu: "Mama, kwa nini hukuniuliza?"

Sina jibu, kwa sababu jibu lenyewe ni kwamba nilimfanyia mtoto wangu kile nilichowafanyia wale watoto wengine: niliamua kwa niaba yao. Nimemwomba msamaha. Amefikiri, akasema lori libaki huko kama kuna mtu analichezea, ila nisirudie. Nimempa boksi lake mwenyewe na kumwambia kitakachoingia humo ataingiza yeye. Hadi analala ameweka vitu 2. Vinatosha.

Siku ya 26, Jumatano

Vitabu: maktaba 34, shule ya jirani 12. Ensaiklopidia ya juzuu 20 imekataliwa na kila niliyempigia. Vitabu vyenye ukungu nimevitoa nje peke yake. Ukungu mmoja kwenye boksi unaambukiza rafu nzima ya mwenzio.

Siku ya 29, Jumamosi

Hesabu hadi leo. Maboksi yaliyofika kwa watu walioyaomba: 17. Mabegi ya safari: 3. Magunia ya taka: 6. Yanayosubiri: 2. Kutoka Siku ya 10 hakuna hata boksi moja lililorudishwa. Chupi nilinunua mpya, pakiti 10, na nimezihesabu kwenye safu ya vilivyotolewa ingawa hazikutoka kabatini mwetu, kwa sababu ndizo mlezi alizozirudia.

Mume wangu amefungua kabati lake leo bila kuambiwa na kutoa lile koti. Amelisimamia mwenyewe: amefua, amerudishia kifungo, amelipeleka.

Siku ya 36, Jumamosi

Chumba cha nyuma. Mdogo wangu amekuja tangu jana usiku. Nilimwambia sifungui mlango ule bila yeye, kwa kuwa mama alikuwa wetu sote.

Tumekubaliana kwanza, tukiwa bado sebuleni na chai. Vibandiko vya kijani ni vyake, vya njano ni vyangu. Chenye vibandiko vyote viwili tutazungumza. Kisicho na kibandiko kinatolewa. Picha na barua hazifunguliwi leo. Zimewekwa kwenye sanduku moja, limefungwa kamba, na tarehe ya kulifungua tumeipanga.

Nguo za mama zilikuwa zimepangwa kwa rangi. Tumezikagua kwa mikono ya yule mlezi, na hakuna mshono uliofunguka. Hata mmoja. Mdogo wangu amekaa na sketi ya kijivu mapajani, amegeuza pindo, akanionyesha: mama alikuwa ameishusha na kuipandisha mara mbili, na mistari ya pindo la zamani bado inaonekana kama mistari ya mkono. "Dada, aliitoa wapi subira hii?" Tumebaki na nguo 3 kila mmoja. Maboksi 6 yameondoka.

Miwani 3 ya kusomea, moja na kasha lake. Lions Clubs, chama ambacho Helen Keller, mwandishi Mmarekani asiyeona wala kusikia, alikiomba mwaka 1925 kiwe mtetezi wa vipofu, hukusanya miwani iliyotumika. Inasafishwa, nguvu ya vioo inapimwa, kisha inatafutiwa jicho linaloihitaji. Nimeifunga kwenye kitambaa laini. Fremu ya ile ya kahawia ina alama ya jino, mahali alipokuwa akiiuma akitunga uzi.

Cherehani imepata vibandiko viwili.

Siku ya 37, Jumapili

Tumezungumza kuhusu cherehani kwa saa nzima. Mimi sishoni zaidi ya vifungo. Mdogo wangu anaishi kwenye vyumba viwili na watoto watatu. Kila mmoja alitaka mwenzake aibebe ili isitoke nje. Mwishowe mdogo wangu akauliza swali ambalo nilipaswa kuliuliza mimi: mama angeipenda ikae imefunikwa kitambaa, au ikanyagwe? Tukalijibu kwa pamoja.

Amesema nisiitoe kabla haijashona.

Siku ya 42, Ijumaa

Jioni tano kwenye cherehani. Ni ile ya kukanyaga kwa miguu. Mkanda wa ngozi ulikuwa umelegea ukateleza kwenye gurudumu; nimeukata kidogo, nimetoboa tundu jipya kwa msumari na kuuunga tena kwa kile kijipini cha waya. Nimefungua bamba chini ya sindano: vumbi la nyuzi lilikuwa limeshikana kama kipande cha blanketi, rangi juu ya rangi, nyekundu ya sare zetu za shule ikiwa chini kabisa. Nimelitoa kwa brashi ndogo ya rangi. Mafuta, tone moja kila tundu, yale mepesi ya cherehani. Sindano mpya.

Nimekanyaga. Mara ya kwanza uzi umekata. Mara ya pili umejikusanya chini ya kitambaa kama kiota. Nimeitoa bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini, nimeirudisha ikizungukia upande mwingine, nikajaribu tena, na mshono ukaenda mbele, umenyooka, kwa sauti ileile ya usiku wa utotoni tukiwa tumelala chumba cha pili. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni. Ameomba akanyage na yeye, akakanyaga hadi kitambaa kikaisha.

Siku ya 44, Jumapili

Chumba kimepigwa deki na rangi. Kitanda kimeingia. Binti yangu amefunga mlango, akaufungua, akaufunga tena.

Siku ya 47, Jumatano

Tumeipeleka cherehani kwa wale wanawake wa ushonaji, mimi na binti yangu na mume wangu akishika upande mzito. Nimebeba pia kopo la bobini, pakiti ya sindano, na kitambaa cha majaribio chenye mishono yake ili waone ilivyo.

Mwalimu wao, yule aliyeniambia hawana haraka, amepiga magoti akakagua mkanda, akazungusha gurudumu kwa mkono, akasikiliza. Akamwita mwanafunzi mmoja, msichana wa miaka kama ishirini, akamketisha. Msichana ameuliza mbona skrubu ndogo ya kubana uzi imekazwa zaidi ya ile ya mashine nyingine, ailegeze?

"Usiilegeze," nimemwambia. "Mama aliizoea hivyo. Jaribu kwanza."

Amejaribu. Ameutazama mshono kwa karibu, amegeuza kitambaa chini juu, akaiacha ilivyo.

Yaliyobaki: sanduku la picha, Jumapili ya mwisho ya mwezi ujao, mdogo wangu anakuja. Ensaiklopidia bado iko ukumbini.